Tuliomba Siku Tatu, Tukasahau Kuuliza

Habari ya korona kwa wengi wetu imekwisha kuwa hadithi ya kuchekesha. Tukikutana tunakumbushana ndoo zenye koki mlangoni mwa kila duka, bei ya limau na tangawizi sokoni, nyungu chini ya blanketi, na papai lililopelekwa maabara. Kicheko hicho si kibaya. Aliyevuka mto ana haki ya kucheka akiwa ng'ambo. Lakini wapo ambao hawakuvuka, na sisi wachungaji tuliowazika tunajua kwamba hadithi hii bado ina deni.

Katika makala hii sikusudii kuihukumu serikali ya wakati ule. Wengi wamekwisha kuihukumu, kwa kuisifu na kwa kuilaani. Ninachotaka kupima ni sisi watu wa makanisani: tulivyoupokea uongozi wa serikali katika miezi ile ya kwanza, tulichoshangilia, tulichodhihaki, na tulichonyamazia. Petro anasema hukumu huanza katika nyumba ya Mungu. Basi tuanzie nyumbani.

Kwanza tujikumbushe mambo yalivyokwenda. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, mwanamke Mtanzania aliyekuwa amerejea kutoka Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Michezo na mikutano ikazuiwa, lakini nyumba za ibada zikaachwa wazi. Tarehe 22 Machi, tukiwa katika Kwaresima, Rais John Magufuli alisema akiwa kanisani Dodoma kwamba virusi hivyo ni shetani na haviwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Akaita taifa lote kwenye maombi ya siku tatu, 17 hadi 19 Aprili. Mapema Mei hesabu rasmi ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na hapo ikakoma. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais alitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa. Mwanzoni mwa Juni alisema, tena akiwa kanisani, kwamba Mungu ameiondoa korona Tanzania. Tarehe 29 Juni shule zote zikafunguliwa.

Watu waliyapokea mambo haya kwa njia kuu mbili.

Kundi la kwanza lilishangilia, nalo lilikuwa kubwa. Tusilidharau, kwa sababu lilikuwa na hoja nzito. Mama lishe anayenunua unga wa leo kwa mauzo ya jana, kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kibarua wa ujenzi anayelipwa kwa siku, hawa hawafungiwi ndani bila mtu wa kuwapelekea chakula. Tuliona kwa majirani. Rwanda iliwazuia watu majumbani mwao kuanzia Machi. Kenya ilianza amri ya kutotoka nje usiku tarehe 27 Machi, na siku ileile ya kwanza polisi waliwapiga watu mabomu ya machozi pale kivukoni Likoni, watu waliokuwa wakiwahi kurudi nyumbani kutoka kazini. Mtanzania aliyeona picha zile akamshukuru Mungu kwamba hakufungiwa, alikuwa na haki ya kushukuru.

Kosa la kundi hili lilianzia kwingine. Walianza kwa kusema kwamba hatuwezi kujifungia, na hilo lilikuwa kweli kwa wengi. Wakaja kusema kwamba hatuna haja ya kujifungia. Wakamaliza kwa kusema kwamba anayejikinga hana imani. Hatua hizo tatu zilitembewa ndani ya wiki chache, na mara nyingi kwenye mimbari zetu. Kufikia Juni, msharika aliyekuja ibadani na barakoa aliangaliwa kana kwamba ameingia na kofia ya chama pinzani. Mama mzee mwenye pumu alinieleza kwamba aliivua barakoa yake mlangoni mwa kanisa, akaitia kwenye pochi, kwa kuogopa macho ya wenzake. Hakuna sheria ya serikali iliyomwambia aivue. Ni sisi.

Kundi la pili lilidhihaki. Hili lilikuwa dogo, na ndani yake tulikuwamo tuliosoma, wenye mshahara unaoingia benki hata tusipotoka nyumbani. Sisi tulitaka Tanzania ifanye kama Ulaya, bila kujiuliza nani angempelekea unga yule kibarua. Tuliicheka nyungu, na tukayacheka maombi, kana kwamba anayepiga magoti hawezi kunawa mikono. Tena kuna jambo baya zaidi ninalolikiri kwa aibu. Zipo siku nilipokuwa nikipekua simu kutafuta habari za maziko ya usiku, na moyoni nilitaka ziwe kweli, ili ionekane kwamba tulioonya hatukukosea. Nabii Yona alikaa nje ya Ninawi akisubiri mji uangamie, akakasirika uliposalimika. Nilikaa mahali pake.

Ukiyatazama makundi haya kwa haraka utadhani yanapingana. Lakini yalikubaliana katika jambo moja: yote mawili yaliyafanya maombi kuwa ushahidi katika kesi ya siasa. La kwanza lilisema kwamba tumeomba, kwa hiyo uamuzi wa serikali ni sahihi. La pili lilisema kwamba uamuzi wa serikali si sahihi, kwa hiyo maombi yale ni upuuzi. Sala ilibebeshwa mzigo usio wake. Mkristo haombi ili kuthibitisha kwamba kiongozi wake hakukosea. Anaomba kwa sababu ni mtoto na ana Baba.

Hapa mafundisho ya kanisa letu yangetusaidia sana, kama tungeyakumbuka. Nitataja matatu.

La kwanza ni Meza ya Bwana. Sisi Walutheri tunakiri kwamba Kristo yupo kweli ndani ya mkate na divai, pamoja navyo na chini yake. Lakini tunakiri pia kwamba mkate hubaki mkate na divai hubaki divai. Mtoto wa kipaimara anayajua haya. Kama divai hubaki divai, basi kikombe hubaki kikombe, na mikono ya mchungaji hubaki mikono, yenye jasho na yenye kuhitaji sabuni. Neema haiviondoi vitu vya uumbaji. Huvitumia. Kwa hiyo usharika uliogawa divai kwa vikombe vidogo haukumkana Kristo, na usharika ulioendelea na kikombe kimoja haukuwa na imani kubwa zaidi. Kiongozi wa nchi aliposema neno la faraja kanisani kama muumini, tungeweza kumwelewa kama muumini mwenzetu. Lakini sisi walimu wa kanisa tulipaswa kulifafanua Jumapili iliyofuata. Wachache mno tulifanya hivyo. Mimi sikufanya.

La pili ni Luther mwenyewe. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala wa Saksonia alimwamuru Luther aondoke, na chuo kikahamishiwa Jena. Luther akabaki pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, mkewe Katharina akiwa mjamzito, na nyumba yao ikageuka kama hospitali. Mwaka huohuo aliandika barua kuwajibu wachungaji wa Breslau, waliotaka kujua kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Jibu lake linagusa makundi yetu yote mawili. Mwenye wajibu kwa wengine, awe mchungaji, mtawala au jirani wa mgonjwa asiye na mtu, asikimbie akamwacha. Asiye na wajibu huo anaweza kuondoka, wala asihukumiwe. Na yule anayedharau dawa na kutojihadhari kwa madai ya kumtegemea Mungu, Luther anasema anamjaribu Mungu, na akimwambukiza mwenzake atakuwa na hatia ya kifo chake. Yeye mwenyewe alikusudia kuomba, kufukiza nyumba, kutumia dawa, kutokwenda mahali asipohitajiwa, na kwenda bila woga mahali anapohitajiwa. Yote hayo yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Angekuwa Tanzania mwaka 2020, kundi la kwanza lingesema hana imani, na la pili lingemcheka kwa kufukiza.

La tatu ni mafundisho ya tawala mbili. Mungu huutawala ulimwengu kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja, kwa Neno na Sakramenti, huwaita watu kwenye wokovu. Kwa mwingine, kwa serikali na sheria, hulinda uhai wao hapa duniani. Mikono ni ya Mungu yuleyule, lakini kazi zake ni mbili. Rais alipotuita tuombe, hakufanya kosa. Mfalme wa Ninawi alifanya hivyo na Mungu akamsikia. Lakini tazama kilichotokea upande wetu. Kiongozi wa serikali alisimama akafanya kazi ya kanisa, akahimiza imani na kushukuru kwa uponyaji, nasi tukapiga makofi. Kazi yake yeye, ya kuhesabu wagonjwa, kutangaza vifo na kuwaeleza wananchi hali ilivyo, iliposimama mwezi Mei, hatukusimama kumkumbusha. Tulipokea mahubiri kutoka Ikulu, lakini hatukudai hesabu kutoka wizarani.

Wapo walioonyesha kwamba inawezekana kuchukua njia nyingine. Katika Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, Askofu Severine Niwemugizi alisimamisha misa za hadhara kwa muda, na hakuna aliyeweza kumwambia askofu yule hana imani. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliandika barua likiwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya. Ninawataja ndugu hawa wa kanisa lingine kwa sababu hatupaswi kuona haya kujifunza kwao.

Labda mtu atasema, kuuliza hesabu ni kukosa imani. Nilisikia hoja hiyo mara nyingi: takwimu zinaleta hofu, na hofu huua kuliko ugonjwa. Upo ukweli kidogo ndani yake, maana hofu ilidhuru wengi. Lakini kumbukeni maombi yale ya siku tatu yalimalizika Jumapili ya tarehe 19 Aprili, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Hiyo ndiyo Jumapili ambayo makanisa mengi husoma habari za Tomaso. Tomaso alitaka kuona majeraha. Bwana hakumfukuza, wala hakumwambia kwamba majeraha yanaleta hofu. Alimwonyesha. Ni kweli aliwaita heri wale wasioona wakasadiki, lakini hakumficha Tomaso mikono yake. Bwana aliyefufuka hakuona aibu kwa majeraha yake. Kwa nini sisi tuyaonee aibu ya kwetu?

Mfalme Hezekia naye alipougua hata kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini katika habari hiyohiyo Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vimeandikwa katika sura moja, na dawa imeagizwa na nabii.

Sasa nije kwenye deni nililolitaja mwanzoni. Mei 2020 nilimzika mzee mmoja wa kanisa, mtu niliyempenda. Alikuwa ameugua siku tano kwa homa na kubanwa kifua, na watatu nyumbani kwake walikuwa wakikohoa. Hakupimwa, kwa hiyo sitasema kilikuwa nini. Familia ilinipa karatasi ya wasifu wa marehemu, na mwishoni iliandikwa maneno ambayo sote tulikuja kuyazoea: changamoto ya upumuaji. Niliyasoma kama yalivyo. Waombolezaji wakapita mmoja mmoja kumshika mkono mjane, kama ilivyo desturi yetu.

Jioni mjane aliniita kando.

"Baba Mchungaji," akasema, "mama mkwe ameletwa kutoka kijijini, na ana kisukari. Alale chumba gani?"

Alikuwa akiniuliza kile nilichokinyamazia mbele ya watu. Ningeweza kumjibu kwamba hatujui, mama, na kwa kuwa hatujui, tujihadhari. Hilo lisingekuwa uchochezi. Lingekuwa kweli. Badala yake nilimwambia bibi alale chumba cha peke yake kwa sababu amechoka na safari. Yeye akanitazama, akaitikia, akaenda. Namshukuru Mungu kwamba bibi yule alirudi kwao mzima. Lakini kupona kwake hakuifanyi kauli yangu kuwa kweli.

Tunapofundisha Amri ya Nane kwa watoto wa kipaimara, tunawaambia kwamba inakataza kumshuhudia jirani uongo. Sisi tulidhani tunaishika kwa sababu hatukumsingizia mtu. Lakini jirani anaweza kudhurika kwa ushuhuda unaopunguzwa kama anavyodhurika kwa ushuhuda unaoongezwa. Na uongo wa Amri ya Nane ukimfanya mtu asijikinge, umefika mlangoni kwa Amri ya Tano, ile inayokataza kuua.

Najua tuliogopa. Kulikuwa na sababu za kuogopa kusema, na sitaki kujifanya shujaa leo, wakati kusema hakuna gharama tena. Lakini kuna jambo moja ambalo woga hauwezi kulieleza. Kila usharika wetu una vitabu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, na cha maziko. Hakuna waziri aliyetuagiza tuache kuandika kitabu cha maziko. Hesabu za serikali zilipokoma, zetu ziliendelea kuandikwa kila wiki, kwa kalamu zetu, na vitabu vikawekwa katika kabati la ofisi ya usharika. Tulilalamika pembeni kwamba serikali inaficha idadi, na huku idadi ya kwetu iko rafuni. Mwaka uliofuata nilikifungua cha usharika niliokuwa nikiutumikia. Nilikuta mwandiko wangu. Kwenye safu ya sababu ya kifo nilikuwa nimeandika kifua, presha, uzee, kifua, na kwingine nimeacha wazi. Kama kuna aliyeficha takwimu pale, alikuwa ni mimi.

Uongozi ulipobadilika, baada ya kifo cha Rais Magufuli Machi 2021, mwelekeo nao ulibadilika. Kamati ya wataalamu iliundwa, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Midomo ileile iliyoshangilia kukataliwa kwa barakoa ikashangilia sindano, na katikati yake hapakuwa na Jumapili hata moja ya toba. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kama tulikuwa sahihi mwaka 2020, kwa nini tuligeuka? Na kama tulikosea, tuliungama lini? Mtu anayegeuka kila upepo wa Ikulu unapogeuka hajaongozwa na imani wala na sayansi.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera, serikali ilitangaza mapema na kutoa idadi: mpaka mwisho walikuwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Juni ikatangazwa kwamba umekwisha. Kutajwa kwa idadi hakukuwazuia watu kuomba. Waliomba wakijua wanamwombea nani.

Ninaomba mambo mawili tu kwa wasomaji wa kitabu hiki. Wazee wa kanisa, kifungueni kitabu cha maziko cha usharika wenu, msome majina ya Aprili 2020 hadi mwaka 2021, mkayataje katika ibada ya kuwakumbuka marehemu. Na siku nyingine kiongozi yeyote atakapotuita tuombe, twende, tena twende wote. Kisha tukiinuka kwenye magoti tumuulize kwa heshima: mheshimiwa, wagonjwa ni wangapi, na sisi tufanye nini?

Mjane yule bado ni msharika. Mwaka jana nilimwendea nikamwambia nilichopaswa kumwambia jioni ile. Alisikiliza, kisha akasema, "Mchungaji, nilijua. Nilikuwa nasubiri useme tu." Tukaomba pamoja.